Raba za Mama Mutesi

Katika nyumba ya wazee anakofanya kazi Peris Moraa, hakuna muuguzi anayemshinda kwa kuwainua watu vitini. Mzee akikataa kutembea, akamfukuza mtaalamu wa viungo na kugeukia ukutani, huitwa Peris. Habembelezi. Humwambia tu kwamba kahawa ya upande wa pili wa jengo leo imeiva kuliko ya huku, kisha huanza kwenda zake taratibu, na baada ya muda husikia nyuma yake magurudumu ya kigari cha kutembelea yakilalamika sakafuni. Wenzake husema ana mkono mzuri.

Hawamwoni akirudi nyumbani Brooklyn Park, huko huko ughaibuni, anavyopanda ngazi akiegemea ukuta, na anavyosimama katikati akijifanya anatafuta funguo.

Mganga hajigangi. Peris aliyajua maneno hayo kabla daktari hajamfunga mkono kwa kile kipimo na kutikisa kichwa. Presha. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mama yake alianguka jikoni kule Nyamira, ufagio mkononi, na tangu siku hiyo hakutamka tena neno lililoeleweka mpaka alipokufa. Mazishi Peris aliyatazama kwenye simu, ameketi ndani ya gari katika maegesho ya kazini, amevaa sare, kwa kuwa zamu yake ilikuwa karibu kuanza. Umri aliokuwa nao mama siku ile ya ufagio haukuwa mbali tena na wake.

Kwa hiyo alijaribu. Sebuleni kuna baiskeli ya mazoezi ambayo siku hizi huanikiwa soksi. Alijiandikisha katika ukumbi wa mazoezi, akaenda mara chache, akaona haya kwenda kujiondoa, akaona haya zaidi kupita mbele ya ukumbi huo kila siku akienda kazini. Uvivu ulikuwepo, na yeye mwenyewe huutaja wa kwanza. Lakini mumewe Zachariah ni dereva wa lori, huondoka Jumatatu na kurudi mwisho wa juma, na watoto ni wawili: Shekinah, msichana mkubwa sasa, ambaye huelewa kila anachoambiwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, na Maurice, ambaye ndiyo kwanza ameanza kung'oka meno. Kila saa ambayo Peris hakuwa kazini ilikuwa na mwenyewe. Akitoka kutembea, aliwaibia watoto. Akikaa nao, aliwaibia mama yao. Hivyo ndivyo alivyoliona jambo hilo, na hakuna upande ambao hakuwa mwizi.

Peris alimpata Mama Mutesi kanisani. Katika kanisa lao Wakenya na Wakongomani husali pamoja, na Jumapili moja baada ya ibada akina mama walimwomba Peris awapime presha. Mwanamke mmoja wa makamo, jina lake Perpétue, ambaye kila mtu alimwita kwa jina la binti yake, alikunja mkono wa blauzi akasema yeye shida yake ni sukari, na dokta amemwambia atembee.

"Kutembea ninajua," alisema. "Nilitembea toka Masisi mpaka kambi ya wakimbizi na mutoto mugongoni. Lakini hapa natembea nikienda wapi?"

Akina mama walicheka. Peris pia alicheka, akasema, "Twende wote, Mama Mutesi. Hata mimi sijui tunaenda wapi."

Walikuwa majirani, fleti zao zikitenganishwa na barabara tu. Walianza na kijia cha kando ya kijito, Jumamosi asubuhi, Zachariah akiwa nyumbani na watoto. Theluji ilipofunga kijia, Peris akawa anampitia kwa gari na kwenda naye kwenye jumba la maduka, ambako asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, wazee wa Kizungu huzunguka ndani wakipunga mikono kama askari. Mama Mutesi alikuja na mabuti yake mazito ya theluji na magoti yakamuuma. Peris akamwambia ayaache, akamnunulia raba nyeupe zenye mstari wa zambarau. Mama Mutesi alizivaa palepale, akazitazama kama anazisoma, na tangu siku hiyo hakutaka kuja na kitu kingine mguuni.

"Wale babu na bibi wametupita tena," alikuwa akisema.

"Waache. Hawana mtoto wa kupikia uji."

"Mama Shekinah, wewe kwa kisingizio huna mwenzio. Piga mguu."

Peris alipiga mguu. Kilichomshangaza ni kwamba yeye, aliyeshindwa kutoka kwa ajili ya moyo wake mwenyewe, alitoka kwa sababu kulikuwa na mtu anayengoja. Ni ile kahawa ya upande wa pili wa jengo, ila sasa aliyekuwa akivutwa ni yeye.

Na Mama Mutesi alingoja kwelikweli. Alijua Peris ni mtu wa mbio, hivyo hakutaka kumpotezea hata dakika. Akipata ujumbe kwamba Peris yuko njiani, alishuka, akatoka nje, akasimama kando ya barabara ili gari lisimame tu naye apande. Kwao, mtu akisema yuko njiani, unabandika maji ya chai. Peris aliizoea ahadi hiyo Nairobi alikosomea uuguzi, na huko watu huitoa wakiwa bado wanatafuta taulo, na anayeahidiwa huendelea na chai yake bila kinyongo. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiandika "niko njiani" huku akiwa bado hajapiga mswaki. Hakuwahi kufikiri juu yake, kwa kuwa Mama Mutesi hakuwahi kulalamika.

Ilikuwa Jumamosi ya Januari, baridi ile inayofanya pua ishikane ukivuta pumzi. Peris alikuwa amefanya zamu mbili mfululizo. Aliamka, akavaa suruali ya mazoezi, akaketi kitandani, akaandika kwenye simu: Niko njiani mama. Maurice akaingia akiburuta blanketi.

"Unaenda tena?" Alisema kwa Kiswahili, ambacho hukitumia akitaka kitu sana.

"Nitarudi sasa hivi."

"Jana hukuwepo. Na juzi."

Akaanza kulia, si kwa kelele, kile kilio cha chini cha mtoto aliyechoka kuomba. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Peris aliwahi kumwambia Zachariah hivyo kwa ukali. Sasa alimvuta mtoto chini ya blanketi, akamwekea kidevu kichwani. Dakika chache tu, alijiambia. Nywele za mtoto zilinukia usingizi.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limefika ukutani. Kwenye simu kulikuwa na namba ya Mama Mutesi, amepiga, amepiga tena. Peris akapiga, simu ya upande wa pili ilikuwa imezimwa. Hofu huandika upesi. Aliandika: Samahani sana mama, gari limekataa kuwaka kwa baridi hii.

Ujumbe ulipoondoka aliona nafuu, na nafuu hiyo ndiyo humuumiza zaidi akiikumbuka.

Jumapili Mama Mutesi hakuonekana kanisani. Peris alitazama kiti chake kikiwa kitupu, akajikuta anashukuru kwamba hatalazimika kuulizwa habari za gari. Mchana, wakati anasonga ugali, mlango uligongwa. Zachariah akafungua. Alikuwa Habimana, mume wa Mama Mutesi, kofia imefunika masikio, mkononi ameshika nyaya za kuunganishia betri.

"Mama Mutesi amenituma," alisema. "Anasema gari lenu limekufa na baba anasafiri kesho. Nimekuja tuliamshe."

Zachariah alikuwa ameliendesha gari hilo asubuhi ile ile kwenda kanisani. Aligeuka akamtazama mkewe aliyesimama na mwiko. Peris alirudisha macho kwenye sufuria.

"Aah," Zachariah akasema polepole. "Ndiyo. Lile gari."

Walishuka wote watatu. Habimana alifungua boneti, akapuliza viganja, akachunguza betri kwa makini, akamwambia Zachariah ajaribu. Gari liliwaka mara moja.

"Gari lenu lina maringo," Habimana alisema akicheka. "Linachagua siku."

"Na Mama Mutesi?" Peris aliuliza. "Mbona hakuja kanisani?"

Habimana akaanza kukunja nyaya zake. "Baridi imemuunguza vidole vya mguu. Alisimama nje jana, simu yake ikazimika kwa baridi. Nilikuwa kazini. Nikamuuliza, kwa nini usiingie ndani? Akasema, mwenzangu yuko njiani, atafika akose mutu." Akafunga boneti taratibu, kama mlango wa chumba chenye mgonjwa. "Na yeye kwa sababu ya sukari miguu haisikii. Aliona tu akivua soksi."

Alipoondoka, Zachariah alibaki ameshika usukani. Hakupandisha sauti.

"Mama Shee, umenifanya nimdanganye mtu aliyetuletea nyaya za betri."

Peris alivuka barabara bila koti la maana. Mutesi alimfungulia. Mama Mutesi alikuwa ameketi kwenye kochi, mguu umewekwa juu ya mto, na kando ya mlango, juu ya gazeti, raba nyeupe zilikuwa zimepangwa pamoja, zimefutwa, hazina hata tone la tope. Muuguzi ndani ya Peris aliomba kuona. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimevimba na kufanya malengelenge, ngozi imekuwa ya kijivu. Daktari alikuwa amesema havitakatwa, kama watavitunza. Peris aliyajua yote aliyopaswa kuyajua: mguu wa mtu mwenye sukari, baridi ile, kitambaa chembamba cha raba. Ni yeye aliyemwambia aache mabuti.

"Gari limepona?" Mama Mutesi aliuliza.

"Gari halikuwa na shida." Peris alikuwa amepiga magoti, mguu ule mikononi mwake, na haikuwa rahisi kutazama kwingine. "Nililala, Mama Mutesi. Nilikuandikia nikiwa kitandani."

Jikoni maji yalianza kuchemka. Mama Mutesi alivuta shuka akafunika goti.

"Mutoto alikuwa mugonjwa?"

"Hapana. Alinishika tu. Nikasema dakika chache."

"Watoto hushika," Mama Mutesi alisema. Baadaye kidogo akaongeza, kama anayewaza kwa sauti, "Ungeniambia umelala, na mimi ningelala."

Alimwita Mutesi alete chai, na Peris akanywa kikombe chote, chenye maziwa mengi na sukari ambayo mwenye nyumba mwenyewe hakuruhusiwa kuonja. Angelipenda afukuzwe. Badala yake aliongezewa.

Majuma yaliyofuata alivuka barabara kila alipotoka kazini kusafisha kile kidonda na kubadilisha bandeji. Nyumbani Shekinah alimuuliza, kwa Kiingereza chake cha haraka, kama siku hizi ana familia mbili. Jumamosi moja alikwenda kwenye jumba la maduka peke yake. Wale babu na bibi walimpita, kisha bibi akageuka akamuuliza rafiki yake yuko wapi, yule mwenye viatu vizuri. Peris alisema anaumwa, akatafuta benchi akaketi, na hakumaliza hata mzunguko mmoja. Presha ilipopimwa tena ilikuwa imepanda, naye hakuona ajabu.

Vidole vilipona mwishoni mwa majira ya baridi, vikiwa na rangi tofauti kidogo na vingine. Daktari akamruhusu Mama Mutesi kutembea ndani, polepole. Ni yeye aliyepiga simu. "Jumamosi?" aliuliza, na Peris akasema Jumamosi.

Asubuhi hiyo Maurice alilia tena. Peris alimbusu, akamkabidhi kwa baba yake, akashuka ngazi huku kile kilio kikimfuata mpaka kwenye maegesho. Hakuandika ujumbe wowote. Alivuka barabara kwa gari, akalisimamisha, akatazama mahali ambapo Mama Mutesi husimama. Hapakuwa na mtu. Kioo cha mlango wa jengo kilikuwa kimejaa barafu, cheupe tupu, ila mahali pamoja, kimo cha uso wa mtu, palikuwa pamekwanguliwa kwa kucha tundu dogo la mviringo.

Ndani ya tundu hilo kulikuwa na jicho.

Jicho lilitazama gari. Halikuondoka, wala mlango haukufunguka. Peris alizima injini, akateremka, akaenda kusimama kando ya barabara, mikono nje ya mifuko. Upepo ulimwingia shingoni. Alisimama pale akitazamwa, kwa muda aliouona mrefu, na hakujaribu kupunga mkono.

Kisha mlango ulifunguka. Mama Mutesi alitoka akiwa amevaa mabuti yake mazito, raba amezibeba kwapani ndani ya mfuko wa plastiki, akikanyaga kwa uangalifu.

"Nimekuona," alisema.

"Shikamoo, mama," Peris alisema, ingawa hawakuwa wanaamkiana hivyo, na akamfungulia mlango wa gari.