Mama Yangu Hajalaaniwa

Mama yangu anaitwa Mbuke, na kazi yake ni kugonga mawe. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kusikia watu wakilisema kwa sauti ya chini, kana kwamba wanataja ugonjwa. Miaka kumi na tisa sasa anakaa pembeni ya karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu pale Katoro, akiyavunja mawe ya wachimbaji yawe madogo kabla hayajaingia kusagwa. Mkono wa kushoto unashika pete ya mpira wa tairi, jiwe linakaa katikati lisiruke, na wa kulia unashika nyundo. Kidole gumba cha kushoto hakina kucha. Ukimwonea huruma kwa ajili ya kidole hicho, atakuuliza kama chako kimewahi kulipa ada ya mtoto.

Alitoka Samuye, kijijini kwetu, baba alipofariki. Ndugu walitaka tugawanywe, mmoja huku na mwingine kule. Mama akasema watoto wake wanakula sahani moja, akapanda basi na sisi watatu, mimi Violeth nikiwa mkubwa. Leo mimi ni muuguzi Shinyanga mjini, Masalu ni fundi wa kuchomelea, na Juliana anamalizia ualimu. Dhahabu imepita mikononi mwa mama kila siku, ikiwa ndani ya mawe ya watu, naye hajawahi kuficha hata punje. Ni kweli namsifu. Asiponisikia mimi nikimsifu, amsikie nani?

Kanisa lao lilianza na turubai na viti vya kuazima. Walipoamua kujenga, wenye uwezo waliahidi mabati na saruji. Mama hakuwa na cha kuahidi. Akaomba magwangala, yale mawe yasiyo na dhahabu ambayo huwa yanatupwa, na kila alipotoka kazini alikaa kwenye kiwanja cha kanisa akiyagonga yawe kokoto. Alifanya hivyo miezi minne. Sakafu nzima ilimwagwa kwa kokoto zake. Baadaye wakamchagua kuwa mzee wa kanisa, mwanamke wa kwanza, na sikumwona mtu aliyeshangaa.

Mchungaji Wiliam alikuja miaka miwili iliyopita. Si mtu mbaya, niseme ukweli ingawa sina hamu ya kuusema. Anatembelea wagonjwa na anaimba vizuri. Ila kila Jumapili kwake ni mafanikio, ni milango ya fedha, ni mtoto wa Mfalme hapaswi kuishi kama mtumwa. Umaskini, anasema, ni laana, na anayekaa nao miaka mingi aichunguze imani yake. Katika mji ambao mtu wiki hii hana nauli na wiki ijayo ana gari, mahubiri ya namna hiyo yanaingia kirahisi.

Mwaka jana, kabla ya sikukuu ya mavuno, akaita kikao cha wazee wa kanisa. Akawaambia kuanzia sikukuu hiyo watakaa mbele kwenye viti vipya vyenye vitambaa, na kila mmoja atatoa ushuhuda wa jinsi Bwana alivyomwinua kiuchumi. Asiye na ushuhuda atapumzishwa uzee, aombewe kwanza.

"Mama Violeth," akamwambia mama, tena kwa upole, "hatukutupi. Tunataka ufunguliwe."

Mama alinisimulia kwa simu, na sauti yake ilikatika mara moja tu, alipofika kwenye neno hilo la kufunguliwa. Nikaomba ruhusa kazini, nikafika Katoro nikiwa nimeshapanga maneno yangu yote. Nikamkuta anajaza debe la michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa, kutoka shambani kwetu Samuye.

"Mama, kesho nitamweleza mchungaji," nikasema.

"Utakaa kimya. Uzee ni wangu, siyo wako."

"Wakikutoa je?"

"Wakinitoa nitakaa nyuma, huko nako kuna viti. Ila laana sitaibeba."

Kesho yake, baada ya mahubiri, sadaka za mavuno zikapigwa mnada kama ilivyo desturi: kuku, mchele, mikungu ya ndizi. Mnadi alikuwa Mzee Amosi, ambaye angeweza kukuuzia kuku wako mwenyewe ukashukuru. Alipoinua debe la mama, Fredy, mnunuzi wa dhahabu, akataja laki moja kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. Watu wakapiga makofi. Kwetu anayenunua mnadani mara nyingi humzawadia mtu kile alichonunua, mchungaji au mgeni. Fredy akalichukua debe na kipaza sauti, akaja moja kwa moja hadi nyuma, alipokaa mama.

"Namzawadia mama yetu huyu," akasema, "maana hali yake tunaijua."

Makofi tena. Fredy hakuwa na nia mbaya hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mama akasimama, akakaza kitenge, akalibeba debe akalirudisha mezani.

"Wabeja, Fredy mwanangu," akamshukuru kwa Kisukuma. "Lakini hiki nimemletea Mungu, siwezi kurudi nacho nyumbani. Mzee Amosi, nadi tena."

Mchungaji akasogea, akachukua kipaza sauti kwa Fredy. "Mama Violeth, pokea. Kukataa baraka ndiko kunakotufunga."

"Mchungaji, ulisema wazee watoe ushuhuda. Naomba nitoe wangu."

Mbele ya kanisa zima angekataaje? Akampa kipaza sauti.

"Nilikuja hapa na watoto watatu na nyundo," mama akasema. "Nikamwomba Mungu watoto wapate kula, wasome, na mimi nisiibe. Yote matatu amenipa. Gari sikumwomba. Aliyepewa gari, nasema amina, nafurahi naye. Ila mkisema mimi nimelaaniwa, nauliza, ni lini? Ni ile miezi minne niliyokuwa nagonga kokoto za sakafu hii? Maana hapo uliposimama, mchungaji, ni kazi ya mikono hii."

Mchungaji Wiliam akatazama sakafu miguuni pake. Mimi nililia, na wala sioni haya. Mama akamrudishia kipaza sauti kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kisha akaenda kukaa mbele, kwenye kiti chenye kitambaa. Hakuna aliyemwambia ainuke.

Mzee Amosi akakohoa. "Debe la michembe, kwa mara ya pili. Naanza na elfu tano."

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa mchungaji. Bado anahubiri milango ya fedha, siwezi kudanganya kwamba ameacha, lakini neno laana sijasikia kwamba amelirudia. Na kiti kile cha mbele mama anakikalia kila Jumapili, kidole chake kisicho na kucha kikiwa juu ya Biblia.