Chokaa Chini ya Sampu

Mwanangu, siku ya harusi ya dada yangu Mwanaisha naikumbuka kuliko hata ya kwangu, na hilo usimfikishie mama yako. Marehemu baba alituachia gari la kizamani, na Mwanaisha alishikilia kwamba hatoki nyumbani ila ndani ya gari hilo. Ami yetu hakulipenda. Alisema likishindwa kumfikisha bibi harusi Mambrui siku hiyo, kesho yake analiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu.

Asubuhi hiyo hiyo, nikitoka Magarini kuchukua maua, nikaligonga gari kwenye jiwe. Sampu ikapasuka, lile karai la chuma linaloshika oili chini ya injini, na oili yote ikamwagika mchangani. Nilizima injini papo hapo, nikavutwa kwa kamba mpaka gereji ya Mzee Kazungu pale Malindi, aliyekuwa akinifundisha ufundi.

Vijana wa gereji walinishauri nisugue sabuni ya kipande kwenye ufa, kama tulivyozoea kuziba tangi la petroli. Mzee akawacheka.

"Sabuni na oili ya moto wapi na wapi? Itayeyuka hata hamjavuka daraja la Sabaki."

Tukaifungua sampu, nikaisugua mpaka ikang'aa, nikaichomelea kwa shaba. Nilitaka kuirudisha mara moja, maana ami alikuwa amesimama mlangoni na kanzu yake, akitazama saa. Mzee akaninyang'anya spana.

"Weye Salimu, waharakia wapi? Ipake chokaa kwanza."

Chokaa ile ile ya kupakia nyumba. Tuliipaka upande wa nje, ikakauka ikawa nyeupe pepe, kisha tukamimina mafuta ya taa ndani na kungoja. Kungoja kule kulinichoma, nami si mtu wa subira, wajua mwenyewe. Mara doa dogo la kijivu likajitokeza kando ya nati ya kumwagia oili. Palikuwa na ufa mwembamba ambao jicho langu halikuuona.

"Huo ndio ungemwacha dadako njiani na hina zake," Mzee akasema.

Nikaiosha, nikaikausha, nikachomelea tena. Mara ya pili chokaa ilibaki nyeupe. Tukaifunga na gasketi mpya, tukatia oili, nikawasha. Mshale wa presha ukapanda ukatulia mahali pake, nami nikamkumbatia Mzee Kazungu na grisi zangu zote.

Tuliingia Mambrui kwa vigelegele, Mwanaisha nyuma akicheka ndani ya buibui, ami ubavuni mwangu. Tuliposimama ami aliteremka, akainama mbele ya wakwe, akapitisha kiganja chini ya injini. Kilitoka kikavu.

"Gari la ndugu yangu haliuzwi," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. Furaha niliyoipata hapo sijaipata tena, na mpaka leo gari hilo ndilo hili uliloniomba ufunguo wake.

Basi chukua. Ila nakuusia, kazi ya mkono wako ijaribu wewe mwenyewe kabla njia haijakujaribia, hata kama mlangoni amesimama mtu anayetazama saa. Mungu akupe mkono wa uhakika, akufikishe salama uendako, wewe na kila utakayembeba.