Diski Juu ya Dari la Jiko

Baba mdogo wangu aliua video zangu zote kwa moshi, na watu wakamsifu kwa uangalifu wake.

Wakati huo nilikuwa nikipiga video za harusi, komunyo na jubilei huku Mbinga. Kazi ya miaka yangu yote ilikaa katika diski moja ya nje, mezani nyumbani Kitura. Nilishuka Kihagara wiki nzima kwa harusi mbili. Mvua ikanyesha, bati likavuja juu ya meza yangu, naye baba mdogo akaipandisha diski kwenye dari la jiko, tunapoweka mbegu za mahindi zisiote ukungu. Niliporudi haikuwaka tena.

Humo mlikuwa na jubilei ya ndoa ya wazazi wangu. Siku ile baba, kabla hajafariki, alitamka mbele ya wageni kwamba shamba la kahawa la bondeni ni langu mimi, binti yake. Msimu uliofuata baba mdogo akaingia kuvuna. Nilipolipeleka jambo hilo kwenye kikao cha ukoo, waliokuwepo ghafla wakawa hawakumbuki. Yeye akaniuliza kwa upole, "Hiyo video iko wapi, mwanangu?"

Upole ule ulinichoma. Mpaka leo sijui kama diski aliipandisha kwa kunihurumia au kwa kunikomoa, na sina haja ya kujua. Niliapa atanitambua.

Fundi wa kompyuta mjini alinionyesha kisanduku cha diski mbili, moja ikiwa nakala ya nyingine. Nikamuuliza, je, mtu akikibeba kizima akakiweka juu ya moto? Alicheka; mimi sikucheka. Akasema basi nakala ya tatu ikae nyumba nyingine, mbali. Nikanunua hivyo: kisanduku nikakifungia kabatini kwa kufuli, diski ya tatu nikaipeleka kwa dada yangu Kihagara. Kisha nikazunguka kwa wateja wa zamani, kuanzia Mbuji hadi ziwani, nikiomba kunakili walichobaki nacho.

Jubilei niliipata kwa mke wa baba mdogo. Alikuwa na flashi niliyompa mwenyewe, maana siku ile aliimba kwaya na alipenda kujitazama. Aliniacha ninakili bila kuniuliza kitu, nami sikumwambia kitu.

Kikao cha pili nilikwenda na projekta. Ukutani baba akatamka, na kando yake baba mdogo akaonekana akipiga makofi kuliko wote. Shamba likarudi siku ileile.

Watu walipotawanyika alinifuata uani. "Ifute, mwanangu. Watoto wangu wasiione."

"Hata ukikipandisha kisanduku darini, baba mdogo, ipo nakala nyingine. Na hutajua iko wapi."

Fundi alinishauri nizifungue diski mara kwa mara, nione kama bado ni nzima. Nazifungua. Harusi za watu nazipitia haraka. Pale anapopiga makofi narudisha nyuma, natazama tena. Nyuma yake mkewe anaimba, kinywa wazi, uso umejaa furaha. Tangu kikao kile hajaitikia shikamoo yangu.