Mwezi Uliompotea Bibi

Juzi binti yangu karudi kutoka shule kichwa kimejaa Warumi. Januari ni mungu wa milango, Machi ni mungu wa vita, Julai na Agosti ni watawala waliojipendelea. Nilimsikiliza huku nakoroga uji, nikacheka peke yangu. Maana mimi, ndugu msomaji, nilikulia kwenye mwaka mwingine kabisa, hapa hapa Ufipa, na nusura mwaka huo upungukiwe mwezi mmoja.

Bibi aliyenilea, nje kidogo ya Sumbawanga, hakuwa na shida na Januari. Miezi yake ilikuwa na majina ya Kifipa, na kila jina lilitokana na kazi au hali ya hewa. Kwa Kiswahili ungesema mwezi wa kumbikumbi, tuliowaokota mvua za kwanza zikianguka na kuwakaanga kwa chumvi tu. Mwezi wa kufukia nyasi, tulipogeuza majani mabichi na kuyafunika kwenye matuta ya duara yaoze yawe mbolea. Mwezi wa upepo, ambao hata kuku walikataa kutoka jikoni. Nikinusa nyasi mbichi zilizochanganyika na udongo, mpaka leo najisikia mtoto.

Basi mwalimu wetu akatangaza kwamba siku ya wazazi mwanafunzi mmoja atataja miezi ya wazee na asili ya majina yake. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza.

"Ukileta kumi na miwili utasimama," akaniambia. "Ikipungua, namsimamisha mwenzako na Januari zake."

Nilikimbia hadi nyumbani. Bibi alikuwa anapukuchua maharage, akaanza kunitajia bila hata kuinua macho. Alipomaliza nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Kumi na mmoja.

"Bibi, baada ya kufukia nyasi unakuja upi?"

"Unakuja wa kuvuna."

"Katikati hapo hakuna kitu?"

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Kipo. Niache kidogo, we mtoto."

Kidogo hicho kikawa siku nyingi. Aliwauliza wazee wenzake kanisani, kila mmoja akashika kidevu. Mimi niliogopa kukosa nafasi yangu, lakini bibi aliona aibu, na hilo liliniuma zaidi. Alisema watoto wa mjini watatucheka kwamba mwaka wa Wafipa ni kilema. Chakula chenyewe akawa anakidonoa tu.

Wakati huo huo alikuja mama jirani, wa ile familia ya wafugaji waliohamia kutoka kaskazini magharibi na ng'ombe wao. Alijifunza kulima ulezi kwetu, ingawa sisi wenyewe tulikuwa tumeshauacha tukahamia kwenye mahindi. Watoto wake walikuwa machungani.

"Shikamoo mama. Naomba mjukuu wako anisaidie kufukuza ndege, wananimalizia ulezi."

"Marahaba. Tutakuja wote," bibi akajibu.

Tukawa tunaenda kila nikitoka shule. Bibi alipiga debe kwa kijiti, mimi nikazunguka shamba nikipayuka. Ndege walikuwa wakaidi, ukiwatoa huku wanatua kule. Jioni moja nikataka kumwambia bibi twende nyumbani, kikatoka kimlio chembamba tu. Nikajaribu tena, hola.

Bibi akanitazama, akaangusha kijiti, akakaa chini kabisa akicheka.

"Ndio huo. Mwezi wa sauti kukauka. Mbona sisi sote tulikuwa hivyo hivyo, mwezi mzima nyumba zinanong'ona."

Mahindi hayakutaka mtu wa kuyapigia kelele. Tulipoacha ulezi, kazi ya kufukuza ndege ilikwisha, na jina nalo likamtoka bibi kichwani.

Siku ya wazazi sauti yangu ilikuwa bado haijarudi. Mwalimu aliwaomba watu wasogee karibu, nikaanza kukwaruza mwezi mmoja mmoja na sababu yake. Nilipofika pale pa sauti kukauka, wazee wakaangua kicheko. Kina bibi wakapiga vigelegele, na babu mmoja akawaambia wenzake, "Huyu hata sauti yenyewe kaileta." Sijawahi kushangiliwa vile tena maishani, na nimepata shahada. Njia nzima bibi alimsimamisha kila tuliyekutana naye amweleze kwamba mjukuu wake ameutaja mwaka mzima.

Sasa bibi hayupo, na kina mama jirani walihamia mbali na mifugo yao. Ulezi nanunua sokoni. Mwezi ule ukiingia, upande wetu ni kimya, mahindi yanajikomalia yenyewe, na ndege sijui wanakula wapi. Nazikumbuka sana siku zile, sitaki kukudanganya. Lakini kila mwaka mwezi huo natoka nyuma ya nyumba, nasimama kwenye mahindi yasiyonihitaji, nawapigia kelele ndege wasiokuwepo mpaka sauti inakauka. Kazini kesho yake nanong'ona, na wakiniuliza ninaumwa nini, nawaambia siumwi, ni mwezi wake.