Masele Apime Kwanza

Mama mkwe wangu, Sayi, hamwamini mtu. Nasema wazi, na mwenyewe akisikia atacheka na kuniuliza, "Umesema kweli, halafu?" Akinunua dagaa anataka muuzaji amchotee kutoka chini ya ndoo, maana anajua wazuri huwekwa juu kwa ajili ya macho ya watu. Mchungaji akija kutuombea, sisi wote tunafumba macho, yeye anayaacha wazi.

Lakini msimu wa pamba ndipo utamjua vizuri. Hapa Kasoli kila mkulima anaitilia shaka mizani, ila Sayi amezidi. Kabla pamba yake haijapimwa, anamsimamisha mwanawe Masele, yaani mume wangu, juu ya mizani ya ghala. Asubuhi hiyo anakuwa ameshampima kwenye mashine ya kusaga ya shemeji yake, mtu pekee ambaye mizani yake anaikubali kidogo. Mizani ya ghala ikimpunguza Masele, basi, siku hiyo kazi imeharibika. Makarani wakimwona anakuja na mwanawe nyuma wanaguna, "Haya, jiwe la mizani limefika." Masele anapanda, anatabasamu, anashuka. Hakuwahi kukataa.

Mimi ni Violeth, mtoto wa kijiji cha Sola, kule Maswa. Kabla ya kuolewa nilimwomba Masele twende tukapime virusi vya UKIMWI pamoja. Akaniambia, "Tutakwenda, tusiwe na haraka." Nikamwuliza tena wakati wa mahari, mama yake akadakia, "Ng'ombe wameshavuka, mnapima nini tena?" Kwetu ng'ombe wakishaingia zizini kwa baba, msichana hana mdomo. Hasira haikuniisha, niliimeza tu.

Mwaka huu nikashika mimba. Nilitaka kwenda kliniki mapema, kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba mama mwenye virusi akijua mapema na kuanza dawa, mtoto anaweza kuzaliwa salama. Sayi akakataa katakata. Kwanza, alisema, wanatoa damu na kuitia kwenye vichupa, na hakuna aliyewahi kumwambia vichupa hivyo vinakwenda wapi. Pili, mimba changa haitangazwi, kuna macho mabaya hapa karibu.

Alikuwa anamsema Minza. Minza ni bibi mjane, jirani yetu, anapikia mavi ya ng'ombe kama wengi wetu tusio na kuni, na moshi umemtia macho mekundu. Kosa lake ni hilo tu. Ndama wetu akiharisha, Sayi anatazama upande wa Minza. Mvua ikiruka shamba letu, Sayi anatazama upande wa Minza. Na huku kwetu kutazamwa hivyo si mzaha. Kuna vikongwe walioitwa wachawi wakafukuzwa kwenye miji yao kwa macho kama yale, na wengine walifanyiwa makubwa kuliko kufukuzwa.

Basi wakati pamba imepamba moto, watu wa afya wakaja kutoka Bariadi mjini wakapiga hema pembeni ya ghala. Kiongozi wao alikuwa nesi Monika, mama mnene mwenye sauti ya upole. Wanaume waliokuwa kwenye foleni ya mizani wakaanza kuitwa mmoja mmoja, karibu baba, karibu kaka, ni bure.

Sayi akaenda mbele, mikono kiunoni.

"Mwadila, mwanangu."

"Mwadila, mayu," nesi akaitikia salamu ya Kisukuma, akimwita mama.

"Bure ya nini?"

"Kupima, mama. Na atakayekutwa na virusi anapewa dawa, nazo ni bure."

"Nauliza, nani anafaidika? Mnunuzi wa pamba ananibembeleza kwa sababu anataka pamba. Wewe unataka nini kwangu?"

Nesi hakumdanganya, hilo nitampa. Akasema dunia nzima imejiwekea malengo. Katika kila watu mia wenye virusi, tisini na tano wajue hali zao. Katika wanaojua, tisini na tano katika kila mia wawe kwenye dawa. Na wanaotumia dawa, tisini na tano katika kila mia, virusi viwe vimefubazwa mwilini mwao. Akasema wanaobaki nyuma sana ni wanaume, ndiyo maana wamewafuata kwenye pamba.

"Dunia nzima!" Sayi akapiga kofi. "Dunia ambayo haijui hata njia ya kuja Kasoli, leo inaulizia damu yangu! Kumbe na nyie mna mzigo mnatakiwa mfikishe. Mimi ni pamba yenu."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Hema lile lilikuwa pale, nilikuwa na mtoto tumboni, na ningekubali kurudi nyumbani bila kujua, nisingejisamehe. Nikasema mbele za watu, "Mayu, mimi naingia."

Akanikata jicho. Nikalirudisha. Haki ya Mungu, sijui nguvu niliitoa wapi.

Akanivuta pembeni, nyuma ya majunia. Nilidhani atanipiga. Badala yake akasema taratibu, "Sikukatazi. Lakini huwezi kuweka mzigo kwenye mizani usiyoijua. Tuweke kwanza kitu tunachokijua. Masele ni mzima, kila mtu anamwona, anabeba junia peke yake. Masele apime kwanza. Wakimwambia ni mzima, kipimo chao ni kizuri, uingie na wewe. Wakimwambia mgonjwa, ni matapeli, tunaondoka."

Jamani! Ndiyo akili yake ilivyo. Lakini njia nilikuwa nimeipata, nikakubali haraka. Akapaza sauti, "Masele! Njoo!"

Masele akaja anajifuta jasho. Mama akamweleza. Nikategemea atatabasamu kama anavyotabasamu kwenye mizani.

Hakutabasamu. Akasema foleni ya pamba itampita. Mama akasema foleni ataishika yeye. Akasema tairi ya pikipiki haina upepo, akazibe pancha kwanza. Mama akasema pikipiki haipimwi. Akasema yeye ni mzima, apimwe nini mtu mzima?

"Ndiyo maana ninakutaka wewe," mama akasema. "Nenda."

Masele akaangalia chini. Na hapo nikamwona Sayi akibadilika. Macho yale yale anayomtazamia karani wa mizani, aliyatoa kwa karani akayahamishia kwa mwanawe. Katika maisha yake yote alikuwa amemshuku kila mtu isipokuwa huyu mmoja. Nami nikamshuku, tukawa tumefika mahali pamoja, mimi na yeye, kwa dakika ile ile.

"Masele," nikasema. "Kuna nini?"

"Violeth, twende nyumbani tuzungumze."

"Hapa hapa."

Akakaa juu ya junia. Akasema kwa sauti ndogo, tukainama kumsikia. Alijua hali yake tangu alipokuwa kibarua Mwanza, kabla ya kunioa. Ana virusi. Anameza dawa kila siku. Zile safari za mnada wa ng'ombe Lalago, alizokuwa anarudi bila ng'ombe na bila habari za bei, alikuwa anakwenda kuchukua dawa huko ambako hajulikani.

"Unaziweka wapi?" nikauliza. Ndiyo swali lililonitoka, ajabu.

"Kwenye boksi la spea. Kopo nimelijaza pamba ili vidonge visilie."

Nimelisogeza boksi hilo kila ninapofagia. Nimelisogeza kwa mikono yangu hii. Nilitaka kumrukia, nilitaka kumwomba mtoto wangu aliye tumboni anisamehe. Lakini kabla sijafungua mdomo, Sayi alikuwa ameshamshika mwanawe kola.

"Nani?" akasema. "Nani amekufanyia hivi? Nitajie jina!"

Na macho yake yakaenda moja kwa moja ng'ambo ya uwanja, kwa Minza, aliyekuwa amekaa juu ya kiroba chake kidogo cha pamba akisubiri zamu, hana habari yoyote.

Masele akaitoa mikono ya mama yake polepole.

"Umeona, mama?" akasema. "Ndiyo maana sikusema. Ningekuambia siku ile niliyorudi kutoka Mwanza, bibi yule leo angekuwa wapi? Hakunifanyia mtu. Nilivipata mwenyewe, kwa mambo yangu. Nilikaa kimya nisije nikaua mtu."

Mama mkwe wangu, mwenye jibu hata kwa mkuu wa wilaya, akayaondoa macho kwa Minza. Akakaa chini palepale kwenye vumbi, khanga ikamteleza begani, hakuiinua.

Mimi sikuwa na nafasi ya kumhurumia mtu. Nikaenda kwenye hema peke yangu.

Nesi Monika akanichoma kidole. Nilimweleza yote huku nalia, kwamba mume wangu ana virusi, kwamba nina mimba, kwamba nimelala naye siku zote hizo bila kujua. Akaniambia nivute pumzi. Tukasubiri kipimo, nami nilikitazama kile kikaratasi kana kwamba ningeweza kukilazimisha. Akanionesha mstari mmoja tu. Hakuna virusi.

"Si kweli," nikasema. "Kipimo chenu kibovu."

Sikuamini nimesema mimi. Nesi hakukasirika. Akasema mtu anayemeza dawa vizuri, virusi vikafubaa na vipimo vikathibitisha hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa kulala naye. Ndiyo ile tisini na tano ya mwisho aliyokuwa anamweleza mama. Lakini akanitaka nirudi kupima tena baada ya miezi mitatu, nianze kliniki wiki hiyo hiyo, na Masele aje na kadi yake waone majibu yake ya damu.

Nikatoka. Masele alikuwa amesimama nje. Nikamwambia mimi sina. Akafunika uso kwa mikono, akalia mbele ya wapima pamba wote, mwanaume mzima.

"Nilikuwa nakulinda," akasema. "Sijawahi kuruka hata siku moja. Nilikuwa nakulinda."

"Minza ulimlinda kwa mama yako," nikamwambia. "Mtoto ulimlinda kwa vidonge. Mimi ulinilinda na nini? Nimekuomba tupime, nimekuomba mara mbili, ukanitazama usoni ukasema tusiwe na haraka."



Nimeshapima tena, sina. Kadi yake nimeisoma mwenyewe, virusi vimefubazwa tangu kabla hajanioa. Mimba imekua, mtoto anapiga mateke. Sayi hazungumzi juu ya siku ile. Ila ndama wetu aliharisha tena juzi, nikamwona anageuza shingo kuelekea kwa Minza, akaishia katikati, akaenda kumwita mtu wa mifugo.

Kopo sasa linakaa juu ya meza, pamba tumeitoa. Kila jioni baada ya chakula Masele anameza kidonge chake, nami nasimama mbele yake. Namwambia afungue mdomo, ainue ulimi. Anaufungua bila kugomba. Jana mama yake aliniambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mwache mwenzio, mwanangu. Anameza. Mwamini."

Nilimsikia. Nikamwambia Masele ainue ulimi.