Siku Gitaa Yangu Ilipomjibu Mzee Salvator

Mpaka leo nikikutana na mtu wa mtaa wa Mutanga Nord natazama viatu vyangu, maana sijui kama siku ile alikuwepo au hakuwepo, na waliokuwepo walijaza hema mbili nzima, jamani, pamoja na waliosimama kwenye ukuta.

Mimi napiga gitaa. Shule niliiachia njiani, lakini gitaa sikuiacha, na kila kitu Wamarekani walichowahi kufanya na nyuzi sita nimekifuata kwenye simu: bluzi, kantri, fanki, na hasa jazi, ambayo mimi nazitia zote ndani yake kama mtu anayepika vilivyobaki jana kwenye sufuria moja. Na napiga na yeyote. Kwaya, wazee wa rumba, vijana wa rap, hata wapiga ngoma niliwahi kuwasindikiza (hakuna aliyenisikia, lakini nilikuwepo). Ndoto yangu ni watu waseme: yule kijana, mweke na nani, ataelewana naye.

Basi rafiki yangu Fiston, ambaye kwao ni Uvira, alikuwa anaenda kumwomba mchumba wake Nadine kwa wazazi wake, na mama yake aliniita pembeni kabla hatujapanda gari.

"Kule Mutanga Nord kwa akina Nadine mutu akikosea kidogo wanamurudisha nyumbani. Utapiga wakati wa kula tu. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

Na kweli nilisikia, hapo ndipo sina pa kujificha.

Mnajua mambo ya kuomba bibi, yaani kuposa, yalivyo: kila upande una msemaji mmoja, yeye peke yake ndiye anafungua mdomo, na wenyeji wanajifanya hawajui kabisa mmefuata nini. Kwetu alikuwa tonton Evariste, mjomba wa Fiston. Kwao mzee Salvator, baba mkubwa wa Nadine, mrefu, ana fimbo na macho ya kukupima.

Tonton akasimama akaanza kusalimu. Sauti nzuri! Na kila baada ya sentensi alikuwa ananyamaza kidogo, kama wafanyavyo wanaojua kusema, na mimi wiki ile nilikuwa nimeangalia kwenye simu kanisa moja la Marekani ambapo mhubiri akinyamaza, kinanda kinamjibu, na watu wanainuka kwenye viti. Waya ulikuwa tayari umechomekwa kwenye bafle, ile spika kubwa. Nikajibu noti moja tu, ndogo. Tiriri.

Mama mmoja akaitikia, "Eeeh!"

Ile "eeeh" ndiyo iliyoniua. Nikajibu ya pili, na ya tatu nikaivuta kabisa, watu wakacheka, tonton akageuka kunitazama kwa macho makali na mimi nikadhani ananipa ishara niendelee (sisi wanamuziki tunaelewana kwa macho, ila tonton si mwanamuziki). Maneno yakampotea, akaanza kusalimu upya. Mzee Salvator akainuka. "Wageni wetu," akasema, akanyamaza, na naapa kwamba kidole kilijiendea chenyewe. Tiri.

Hakuna aliyecheka.

"Kuna mutu amenijibu," akasema mzee. "Gitaa hii ni ya famili gani?"

"Ya kwetu, mzee," akasema tonton kwa sauti ya kuomba msamaha.

"Basi muko na wasemaji wawili. Sisi tunajua msemaji ni mumoja. Evariste, kaa, mwenzako amekushinda. Gitaa ndiyo itaomba. Tukielewa, tutajibu. Tusipoelewa, murudi siku ingine."

Fiston, ndani ya suti yake mpya, akashika kichwa.

Nikaanza na bluzi, kwa sababu bluzi ni ya mapenzi yanayouma. Mzee akainua fimbo. "Huyu analia. Kwenu kuna musiba? Mungetuambia, tusingevaa hivi." Hema zikalipuka kwa kicheko. Nikahamia kantri. "Hii ni ya mutu aliyepoteza ng'ombe. Sisi ng'ombe tunazingojea, hatuzitafute." Nikakimbilia fanki. "Ana haraka sana. Mutoto wetu hakimbie." Ikabaki jazi, nikamwaga kila nilichonacho, na yeye akainamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho (hata mimi sikujua mwisho uko wapi), halafu akaniuliza kwa upole, "We, unajua unachotaka?"

"Ndugu yangu," akasema Fiston, "utanikosesha bibi."

Nikavuta noti ya mwisho kwa nguvu zangu zote. Sasa nyuzi zangu nilikuwa nimezichemsha mara nyingi kwenye sufuria ya dada ili zirudishe sauti, na hapo ule mwembamba ukachoka na mimi. Ping! Ukakatika, ukanichapa puani. Nikabaki nimeshika pua, na kukawa kimya, hata kiti hakikulia.

Mzee Salvator akainua kidole.

"Mumesikia?"

"Tumesikia nini, mzee?" akauliza tonton.

"Kimya. Ndiyo ilikuwa inakosekana. Evariste, simama, sasa sema."

Tonton akasema, wakaelewa, Nadine akatoka, na nilisikia baadaye kwamba alichekea ndani mpaka wakampaka poda upya. Mama Fiston alipita mbele yangu na sahani za nyama. "We utakula mwisho," akasema. Nilikula ndizi.

Siku ya harusi nilienda mikono mitupu. Mlangoni wakaniambia mzee ameniwekea nafasi, nikadhani nimesamehewa, kumbe kwenye meza ya wazee wa upande wetu, karibu na tonton, kulikuwa na kiti kitupu na karatasi: MSEMAJI. Mbele yake Fanta citron, imefunguliwa, ina mrija.

"Gitaa iko wapi?" akauliza mzee Salvator, akichungulia mgongoni kwangu.

"Nimeiacha nyumbani, papa."

"Apana! Sasa nani atakunywa Fanta yake?"

Niliinywa mimi, nimesimama, ukumbi mzima ukinihesabia mafunda.

Nitapiga na kila mtu duniani, hiyo ndoto iko palepale. Lakini mtu akishika maikrofoni nachomoa waya, nautia mfukoni na kukalia mikono yangu, na mchungaji wetu anaponyamaza katikati ya mahubiri, kimya kirefu, kizuri, kinachoomba kabisa noti moja tu ndogo, natazama viatu vyangu.