Betri Kubwa ya Jirani Yangu

Habari ya kifo chake nilipewa na fundi wa kuchomelea vyuma, Jumatano asubuhi, nilipopeleka gari langu likazibwe bomba la moshi. Fundi alivua miwani yake myeusi, akaniuliza kama nimesikia. Nikamwambia sijasikia kitu. Akasema jirani yangu amefariki Namoto, kule mpakani, kwa dada yake alikokwenda kusalimia. Presha ilimpanda alfajiri, na kabla hawajapata chombo cha kumleta hospitali alikuwa amekwisha kata roho. Nikasema Inna lillahi kama inavyotakiwa. Lakini wasomaji wangu mmenizoea kwa kuwaambia kweli, na leo sina sababu ya kubadilika: ulimi haujamaliza maneno yale, moyo ulikuwa umeshauliza jambo jingine. Ulitaka kujua gari lake litabaki na nani.

Marehemu hakuwa rafiki yangu. Tulijuana kwa kupakana tu, ua wake wa makuti ukigusana na wangu hapa Palma, kaskazini ya Msumbiji. Alikuwa mchuuzi wa vitenge na sabuni, wa ukoo wa watu wa Mtwara waliohamia huku tangu enzi za babu zao; mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Tuliporudi kutoka ukimbizini, vita vilipotulia, kila mtu alikuwa sawa na mwenzake. Tulirudi na mabegi na magodoro yaliyokunjwa, tukakuta nyumba hazina milango, tukaazimana majembe na vyungu. Siku zile sikumbuki kumwonea kijicho mtu yeyote. Ufukara ukiwa wa wote hauumi sana; kinachouma ni bati la kwanza kung'aa upande wa pili wa ua. Basi mabati yakaanza kung'aa, kisha zikaja pikipiki, kisha vijana walioajiriwa kwenye kazi za gesi wakaleta majokofu na televisheni pana kama milango, na kila mmoja wetu akawa anapima maisha yake kwa macho ya kuchungulia.

Mimi na yeye tulivuka mto Ruvuma pamoja, tukanunua Mtwara magari mawili madogo meupe ya aina moja. Watu wakayaita mapacha. La kwangu lilikuwa la kuzungukia na kwenda shamba, la kwake la kubeba abiria wa mpakani. Kwa miezi mingi nilikuwa na raha, maana yale magari yalishindwa pamoja. Yalikuwa na betri ndogo, zilizochoka zamani, na chumvi ya pwani hii ikila vichwa vyake, asubuhi moja langu halikuwaka, asubuhi nyingine lake. Tulikuwa tukisukumiana. Yeye akiwa nyuma ya langu, au mimi nyuma ya lake, tunatokwa jasho na kanzu tumezipandisha kiunoni, nilijiona mtu mwenye jirani.

Kisha akaweka betri kubwa zaidi. Niliikuta pale pale kwa fundi huyu aliyenipa habari ya kifo. Ilikuwa ya ampea sabini, wakati magari yetu yalikuja na za arobaini, nayo ilikataa kukaa mahali pa ile ya zamani. Fundi akakata sahani ya chini inayokaliwa na betri, akachomelea nyingine pana ya vyuma vya pembe, akaunda na kibana kipya cha kuishika isitikisike. Nyaya nazo zikabadilishwa, zikawekwa nene. Vijana waliokuwa wakitazama wakasema huyu mzee ameweka bateria ya kamião, yaani betri ya lori. Nami nikatoa hekima ya ualimu ambayo hakuna aliyeniomba, nikamwambia gari dogo halihitaji moyo wa lori. Alicheka, akasema lina kazi yake. Sikumuuliza kazi gani. Nilishaamua mwenyewe kwamba ni kazi ya kutupita.

Tangu siku hiyo lake likawa linaitika kwa mguso mmoja. Nilikuwa namsikia alfajiri, ufunguo mara moja, injini inanguruma, anaondoka. Halafu mimi natoka kutafuta wa kunisukuma, na wa kunisukuma ameshafika nusu ya njia ya Namoto. Umeme ukikatika, wake za watu walipanga simu zao juu ya boneti lake zichajiwe. Siku moja niliona pale simu yenye kifuniko chekundu, nikaijua. Nilimuuliza mke wangu kwa nini asingojee umeme urudi kama watu wenye staha. Akanijibu kwa upole kwamba staha haichaji simu.

Lakini lililonikaa rohoni zaidi ni la maulidi. Mungu alininyima mengi, ila alinipa sauti. Miaka thelathini nimefundisha madarasa ya watoto wengi bila kipaza sauti, na mtaani kwetu ilijulikana kwamba umeme ukizimika katikati ya shughuli, anaitwa mwalimu. Maulidi ile ilifanyika baada ya alasiri, na kweli umeme ukakatika, vipaza sauti vikanyamaza. Shehe akanitazama. Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikaanza, na nikaona watu wa safu za nyuma wakiinua vichwa. Sijui kama nilifika ubeti wa tatu. Jirani yangu alikuwa ameshalisogeza gari, amevuta waya kutoka kwenye betri mpaka kwenye kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, na vipaza sauti vikaamka kwa mlio. Kipaza sauti akapewa kijana mmoja mwenye sauti nyembamba, watu wakamwombea dua mwenye betri, nami nikaketi. Hakuna aliyenidharau. Hakuna aliyekumbuka hata kwamba nilikuwa nimesimama.

Wiki iliyofuata nilikutana na askari mmoja wa transito, wale wa barabarani, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu. Tulizungumza habari za shule na za wazazi wake. Wakati wa kuagana nikamwambia, kama mtu anayesema jambo la kupita tu, kwamba lipo gari moja la abiria hapa mtaani lingefaa kufunguliwa boneti, maana mitambo ya kuungaunga huleta moto. Sikutaja jina, sikuhitaji. Siku ya tatu gari likasimamishwa. Kijana wa watu alifanya kazi yake: betri haikuwa ya gari lile, sahani ilichomelewa mtaani, likawekwa uani kwa polisi mpaka lipatiwe karatasi ya ukaguzi. Nilimwona jirani yangu akirudi kwa miguu, ufunguo mkononi, nami nikaingia ndani nikanywa chai. Ilikuwa tamu. Naandika hivi ili ijulikane kwamba chai ya namna hiyo ipo, na kwamba mimi nimeinywa.

Umeme ulikatika tena siku mbili baadaye, tangu asubuhi. Baada ya adhuhuri alibisha hodi kwangu. Hakuketi. Alinieleza akiwa amesimama mlangoni kwamba mama yake ana pumu, na kwamba ana mashine ndogo ya kuvuta dawa kwa mvuke aliyopewa kwa maagizo ya daktari. Kwa miezi yote ile, umeme ulipokatika, alikuwa akiiendesha kwa betri ya gari. Mama hakutaka isemwe, maana mtu akikohoa sana mtaani kwetu watu humsingizia ugonjwa mwingine na kuacha kula kwake. Nilimuuliza kwa nini tusimkimbize hospitali.

"Tumetoka huko jana," akasema. "Dawa ninayo, mwalimu, na mashine ninayo. Nilichokosa ni umeme."

Gari langu halikuwaka. Tulilisukuma, yeye na mke wangu na mimi, mpaka likaitika, nikaliingiza uani kwake hadi karibu na dirisha. Akaunga kile kisanduku chake kwenye betri yangu, akapitisha waya ndani. Akanionya kwamba betri hii ni ndogo na imechoka. Nikiacha injini izubae mashine itazima, kwa hiyo nikanyage mafuta kidogo, nisiache. Nikakaa kwenye kiti cha dereva na mguu juu ya mafuta. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimwona bi mkubwa ameegemezwa mito, kifuniko cha plastiki usoni, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu anayepandisha mlima, na mwanawe amepiga magoti akimshikia. Nilikuwa nimemjua mama yule kwa miaka kama mtu wa kusalimiwa kwa shikamoo na kupitwa. Sikujua kwamba alikuwa akipumua kwa ile betri niliyoipeleka uani kwa transito.

Tulikaa hivyo mpaka alasiri ikapita. Dawa ikiisha wanapumzika kidogo, kisha wanaanza tena, nami nilikuwa naogopa kuondoa mguu hata walipopumzika. Goti likafa ganzi. Moshi ukanijia usoni. Ningependa kuwaambia kwamba saa zile zilinisafisha, ila kijicho ni mgeni asiyeaga. Mabega yalipotulia, bi mkubwa akamshika mwanawe shavu, akamwita pumzi yangu, nami niliyekuwa nimekaa pale mguu umekufa nilihisi kuchomwa kwamba hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nilimwonea gere mtu ambaye nusura nimuue mama yake. Alipotoka akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema Mungu anilipe. Nikasema amina. Kesho yake nilikwenda kwa yule askari nikamwomba amsaidie apate karatasi upesi. Nalo nililifanya kwa siri, kama lile la kwanza. Gari likarudi na betri yake, safari hii sahani imefungwa kwa boliti na vichwa vya betri vimevishwa mpira, na kwa kweli likawa salama kuliko mwanzo.

Baada ya hapo tuliishi miaka miwili ya heshima. Akipika pilau, sahani yetu ilivuka ua. Gari langu lilipogoma alikuja na nyaya akaniwasha, wala hakunishauri hata siku moja niweke betri kubwa. Mara nyingi nilitaka kumwambia. Nilifika mpaka uani kwake, tukazungumza bei ya unga na hali ya barabara ya kwenda mji wa Mocímboa, nikarudi na neno langu tumboni.

Nilikwenda Namoto kuhani siku ya pili ya matanga. Watu walikuwa wengi mno: wachuuzi wa pande zote mbili za mto, wavuvi, wanawake wa vitenge, abiria ambao hata jina lake hawakulijua, walijua gari tu. Nilijikuta nawahesabu safu kwa safu na kujiuliza wangapi watakuja kwangu. Bi mkubwa naye alikuwa ameletwa, amekaa ndani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nikampa shikamoo na pole, akaniitikia. Kisha nikashindwa kunyamaza. Nikainama nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mwaka ule gari liliposhikwa, aliyelisemea ni mimi.

Akanitazama bila kushangaa.

"Alijua," akasema. "Yule askari alimwambia siku ile ile waliyolichukua. Alifika nyumbani akanieleza."

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alikuja kubisha hodi kwangu.

"Gari lako lilikuwa karibu, mwalimu. Mimi nilikuwa nakosa pumzi." Akakusanya hewa. "Aliniambia nisiseme. Alisema utakuja kumwambia mwenyewe."

Nimerudi Palma na maneno hayo na sijayamaliza. Nilidhani mtu mwema ni yule ambaye moyo wake hauna kinyongo, na kwa kuwa wangu ulikuwa nacho, nikajihesabu nje. Lakini yeye alipobisha hodi pale hakuwa amesamehe. Hakuwa na nafasi ya kusamehe. Alikuwa na mama asiyepumua na jirani mwenye gari, akaweka kinyongo chake kando kama mtu anavyoweka mzigo chini ili afungue mlango. Na mimi niliyekanyaga mafuta sikuwa nimetubu. Nilikanyaga kwa sababu mashine ingezima. Ujirani uliotuokoa siku ile ulikuwa kazi ya mikono na miguu ya watu wawili wenye mioyo isiyo safi. Tunaorudi na kujenga upya katika pwani hii, tukitazamana kila mmoja kwa alichotangulia kupata, tukingoja mpaka tupendane ndipo tusaidiane, tutangoja sana.

Kinachonisumbua ni ile miaka miwili. Zile jioni nilizokaa uani kwake nikizungumza bei ya unga, yeye alikuwa anajua, ananitilia kahawa, ananipa nafasi, na mimi nikinyanyuka kuaga ananisindikiza mpaka uani kwangu. Nilidhani siri ile nilikuwa naibeba peke yangu, kumbe mzigo mzito alikuwa nao yeye, wa kujifanya hajui ili mimi nisiaibike. Na hata katika hilo namwonea wivu, maana mimi nisingeweza. Kwa hiyo, msomaji, kama yupo mtu uliyemsemea na unakutana naye kila siku, nenda kamwambie leo. Huenda ameshajua zamani, na amechoka kukungoja.